Uzi: Listeria na usugu wa dawa, na kwa nini sindano tunayoikimbilia haimwezi bakteria huyu

Mwanamaabara_Chake

Assalaam alaykum wanajukwaa. Tunapozungumza habari za usugu wa vimelea dhidi ya dawa hapa Visiwani tumezoea kutaja majina yale yale: kifua kikuu, homa ya matumbo, na vidonda vya wodini vinavyokataa kupona. Wenzangu wameniomba nifungue uzi kuhusu bakteria ambaye hatajwi sana, naye ni Listeria monocytogenes, anayeingia mwilini kwa chakula na anayeweza kufika kwenye damu, ubongo na mtoto aliye tumboni. Nitajitahidi kueleza kwa utaratibu, na wenye ujuzi zaidi wanirekebishe.

Bakteria huyu alielezwa mara ya kwanza mwaka 1926 na Murray, Webb na Swann mjini Cambridge, Uingereza, baada ya sungura wa maabara kufa. Jina la Listeria alilipata mwaka 1940 kutoka kwa Pirie, mtafiti aliyekuwa Afrika Kusini, kwa heshima ya daktari mpasuaji Joseph Lister. Kwa miaka mingi alihesabiwa kuwa ni balaa la mifugo, kondoo na mbuzi hasa, mpaka mwaka 1981 katika majimbo ya pwani ya mashariki ya Kanada, ambako uchunguzi ulionesha kwamba watu walikuwa wameugua kwa kula kachumbari ya kabichi. Kabichi ile ilitoka katika shamba lililotiwa samadi ya kondoo, kisha ikawekwa muda mrefu katika ghala la baridi, na baridi ile ndiyo iliyompa bakteria nafasi ya kuzaana.

Hapo ndipo tabia yake inapotofautiana na ya wenzake. Bakteria wengi wa chakula hulala wakitiwa ndani ya friji, lakini Listeria huendelea kukua taratibu hata katika nyuzi 4 za Selsiasi, na hustahimili chumvi ambayo ingewaua wengi. Joto la kupikia humuua bila taabu. Hatari imo katika chakula kinachokaa kwenye baridi kwa siku nyingi, kisha kikaliwa vile vile bila kupita motoni.

Sasa tuje kwenye usugu. Anayeuliza kama Listeria ni sugu hana budi kutaja dawa anayoikusudia, kwa sababu usugu wa bakteria huyu ni wa namna mbili ambazo huchanganywa kila siku. Upo usugu aliozaliwa nao, ambao haukuletwa na matumizi mabaya ya dawa ya mtu yeyote: kundi zima la dawa za sefalosporini, ikiwemo sindano ya seftriaksoni, halimwezi. Dawa za kundi hilo hufanya kazi kwa kunasa protini zinazojenga ukuta wa bakteria, na protini za Listeria, hasa ile inayoitwa PBP3, hazinasiki vyema na dawa hizo. Upo pia usugu wa kuokota, yaani jeni alizozipata kutoka kwa bakteria wengine, na huo ndio unaopaswa kutushughulisha sisi tunaofuga, tunaouza dawa na tunaosafisha majiko.

Maoni yangu, nayo ndiyo sababu ya kufungua uzi huu, ni kwamba hapa kwetu usugu wa kwanza unaweza kuua watu wengi kuliko wa pili, kwa kuwa seftriaksoni ndiyo sindano ambayo mkono huiendea kabla ya nyingine zote.

MtiaShaka_Mkunazini

Ahsante kwa maelezo, lakini naomba niulize bila kumvunjia mtu heshima. Je, haya si maradhi ya nchi za watu wanaokula jibini na nyama baridi? Sisi samaki tunamkaanga, pweza tunamchemsha mpaka alainike, na wali hauliwi mbichi. Mimi nimezaliwa Mjini Unguja na sijapata kusikia jirani akiambiwa ana Listeria. Nahofia tunaazima hofu ya wengine huku kipindupindu chetu wenyewe hakijatuacha.

Mwanamaabara_Chake

Ndugu yangu wa Mkunazini, swali lako ni la haki na nitalijibu kwa mfano wa Afrika. Mlipuko wa Listeria mkubwa kuliko yote iliyowahi kurekodiwa duniani haukutokea Ulaya, ulitokea Afrika Kusini kati ya mwaka 2017 na 2018. Walithibitishwa wagonjwa 1,060, na waliojulikana kufariki ni 216. Kiasi cha wagonjwa wanne katika kila kumi walikuwa watoto wachanga wasiozidi siku 28. Waliogundua kwamba kuna jambo ni madaktari wa hospitali za Johannesburg walioona watoto wachanga wenye Listeria wakizidi kiasi walichokizoea. Chanzo kilikuja kutangazwa Machi 2018: polony, ile soseji nene ya bei nafuu inayokatwa vipande na kuwekwa ndani ya mkate wa mwanafunzi. Si chakula cha mtalii hicho. Bidhaa za kiwanda kile zilikuwa zikisafirishwa katika nchi nyingi za bara letu.

Ama kuhusu kutosikia, naomba tuwe waangalifu. Utafiti mkubwa wa damu za wagonjwa wenye homa uliofanyika Pemba, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2012, uliwakuta zaidi bakteria wa homa ya matumbo, na hilo ndilo tatizo lililokuwa mbele ya macho. Listeria hutafutwa kwa nia. Muda kati ya kula chakula na kuugua unaweza kufika siku 70, na mama aliyepoteza mimba hatakumbuka alikula nini miezi miwili nyuma, wala hakuna atakayemuuliza. Kutosikika kwake kwa hiyo si ushahidi kwamba hayupo, na wala mimi sidai kwamba yupo kwa wingi.

Dokta_Mstaafu

Nimefanya kazi wodini kwa miaka mingi, Unguja na Pemba, na naunga mkono hoja ya mwenye uzi juu ya seftriaksoni, ila niiwekee mipaka yake ili vijana wetu wasiitumie vibaya.

Seftriaksoni ni dawa nzuri. Mgonjwa mtu mzima akiletwa na homa kali, shingo ngumu na fahamu zinazopotea, kuianza mapema ni sahihi, kwa sababu bakteria wanaosababisha homa ya uti wa mgongo kwa wingi huisikia, yaani hufa kwayo. Kosa hutokea pale mgonjwa anapokuwa miongoni mwa wale ambao Listeria huwapenda, kisha akapewa dawa hiyo peke yake. Hao ni wajawazito, watoto wachanga, wenye umri wa zaidi ya miaka 50, na wale ambao kinga yao imepunguzwa na VVU, saratani, dawa za steroidi au maradhi ya muda mrefu. Kwa watu hawa miongozo ya nchi nyingi huagiza ampisilini iongezwe tangu dozi ya kwanza, bila kusubiri majibu ya maabara.

Ampisilini, au penisilini ya sindano, ndiyo tiba yenyewe. Kwa homa ya uti wa mgongo ya mtu mzima hutolewa gramu 2 kila baada ya saa 4, kwa wiki tatu au zaidi, na mara nyingi huambatanishwa na jentamaisini mwanzoni huku figo zikiangaliwa. Wiki tatu ni muda mrefu kwa familia iliyotoka Micheweni na kulala chini ya kitanda cha mgonjwa, nami nimeshuhudia wengi wakiomba ruhusa siku ya kumi kwa kuwa mgonjwa ameshakaa na anakula uji. Muda huo mrefu una sababu. Bakteria huyu huingia ndani ya seli zetu, akatoboa kifuko anachofungiwa humo, kisha husukumwa kutoka seli moja hadi ya jirani bila kutoka nje. Dawa iliyo ndani ya damu humkosa kwa kiasi fulani, na jentamaisini hasa haipenyi vyema ndani ya seli.

Hata akitibiwa, katika kila watu kumi wanaopata Listeria iliyoingia kwenye damu au ubongo hufariki wawili hadi watatu. Dozi iliyochelewa siku mbili kwa sababu tulikuwa tukisubiri seftriaksoni ifanye kazi ni jambo kubwa.

Kuna habari njema, nayo ni kwamba utaratibu wa kawaida wa kutibu maambukizi ya mtoto mchanga, yaani ampisilini pamoja na jentamaisini, humweza Listeria pia. Tatizo huanza pale dawa hizo zinaposhindwa kwa bakteria wengine waliokuwa sugu, tukalazimika kuhamia kwenye sefalosporini. Kwa namna hiyo usugu wa bakteria mwingine kabisa unaweza kumwacha mtoto mwenye Listeria bila kinga, ilhali Listeria mwenyewe hajabadilika hata kidogo.

MuuzaDawa_Darajani

Dokta, Mola akulipe kheri. Mimi nauza dawa, na nataka nieleze jinsi mambo yalivyo kaunta, kwa sababu huwa tunalaumiwa sisi peke yetu.

Mteja haji na maradhi, huja na jina la dawa. Anaweka noti juu ya kioo na kusema: "Nipe amoksisilini za shilingi elfu moja." Ukimwambia dozi ni ya siku tano au saba, anajibu kwamba yeye huwa anapona kwa vidonge sita, na ukimkatalia anavuka barabara kwenda duka la pili. Wengine hutaka sindano, na seftriaksoni imepata sifa ya "sindano kali", kiasi kwamba mtu hutumwa kutoka shamba kuja kuinunua ili achomwe na jirani aliyewahi kufanya kazi zahanati.

Swali langu ni hili. Mteja mjamzito mwenye homa na maumivu ya mgongo, ambaye kipimo cha malaria kimeonesha hana, anapokuja kwangu kutaka dawa, je, zile amoksisilini anazoziomba zitamsaidia kama ana Listeria au zitamficha? Na aliye na mzio wa penisilini afanyweje?

Dokta_Mstaafu

Zitamficha zaidi kuliko kumsaidia, iwapo ni vidonge sita. Dozi ndogo inaweza kushusha homa na kuvuruga kipimo cha damu, kisha mtoto tumboni akaendelea kudhurika. Mjamzito mwenye homa isiyokuwa na sababu asiuziwe kitu, apelekwe hospitali achukuliwe damu ya kuoteshwa, yaani kuwekwa maabara ili bakteria aliyemo akue na atambuliwe, kabla ya dawa. Homa ya Listeria kwa mama huwa nyepesi, kama mafua tu, na wepesi huo ndio unaohadaa.

Mwenye mzio wa kweli wa penisilini hupewa kotrimoksazoli, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Septrin, ingawa kwa wajawazito uamuzi huo ni wa daktari, hasa mwanzoni na mwishoni mwa ujauzito. Nasema mzio wa kweli kwa sababu wengi walioandikiwa mzio walipata kichefuchefu tu.

Mfugaji_Wawi

Mimi ni mfugaji wa mbuzi na ng'ombe wachache. Nimesoma kwamba bakteria huyu ni wa mbuzi na kondoo. Nimewahi kuona mbuzi anazunguka upande mmoja tu, kichwa kimepinda, sikio na mdomo vimelegea upande mmoja, mate yanamtoka, na baada ya siku chache anakufa. Wazee husema ameingiwa na upepo. Sisi humchoma OTC, yaani oksitetrasaiklini, kwa sababu ndiyo dawa iliyoko na ndiyo tunayoimudu. Je, tunafanya makosa? Na jambo hilo linawahusu vipi wanaokunywa maziwa?

Mwanamaabara_Chake

Hilo ulilolieleza linafanana sana na Listeria ya ubongo kwa mbuzi, ingawa yako maradhi mengine yanayofanana nalo na ni daktari wa mifugo ndiye wa kuamua. Oksitetrasaiklini imetumika kwa muda mrefu kutibu mbuzi wa namna hiyo, na penisilini pia. Sikulaumu kwa kumtibu mnyama anayeumwa. Wasiwasi wangu uko kwenye OTC inayotiwa kwenye maji ya kuku kila wiki "kwa kinga", na kwenye dozi inayokatishwa mnyama akisimama. Hapo bakteria wote walio tumboni mwa mnyama hulazimishwa kuzoea, hata wale wasiodhuru.

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha usugu wa kuokota.

Mpaka miaka ya 1980 Listeria ilijulikana kuwa bakteria anayesikia takriban dawa zote zinazowaua jamaa zake, ukiziacha sefalosporini. Mwaka 1988 huko Ufaransa akapatikana kwa mgonjwa mwenye maambukizi ya ubongo Listeria aliyekuwa sugu kwa kloramfeniko, erithromaisini, streptomaisini na tetrasaiklini kwa pamoja. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1990. Usugu huo wote ulikuwa umekusanyika katika plasmidi moja, yaani kipande cha duara cha DNA kinachoweza kuhamishwa kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine, na plasmidi ile ilionesha nasaba na za enterokoki na streptokoki, bakteria wanaoishi matumboni mwa watu na wanyama.

Tangu hapo, usugu wa kuokota unaoonekana mara nyingi zaidi kwa Listeria duniani ni wa tetrasaiklini, hasa kupitia jeni iitwayo tet(M). Jeni hiyo husafiri ndani ya transposoni, kipande cha DNA kinachojikata na kujipachika kwingine, na baadhi ya vipande hivyo hubeba pia jeni za kuzuia erithromaisini na kanamaisini. Mfugaji anapotumia OTC pekee, anaweza kumchagua bakteria ambaye ndani ya mzigo ule ule amebeba usugu wa dawa ambazo hajawahi kuzinunua maishani mwake.

Mtu atauliza: ikiwa binadamu mwenye Listeria hatibiwi kwa tetrasaiklini, kuna hasara gani? Hasara ni kwamba jeni hizo zinatuonesha njia imeshafunguliwa. Usugu dhidi ya ampisilini kwa Listeria wanaotoka kwa wagonjwa bado ni nadra, na naomba neno hilo nadra lisisahaulike katika uzi huu, kwa sababu zipo makala mitandaoni zinazowatisha watu kana kwamba tiba imekwisha. Haijakwisha. Lakini enterokoki walio sugu kwa ampisilini wapo, na ndio majirani ambao Listeria amekwisha kuazima kwao mara nyingine.

Kuhusu maziwa: mnyama aliyechomwa OTC maziwa yake yasiuzwe mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa upite. Hilo ni kwa ajili ya masalia ya dawa. Kwa ajili ya bakteria, yachemsheni.

BiMtindi_Kiembesamaki

Nami ni mama ninayeuza maziwa na mtindi, naomba niingie hapo. Maziwa ya chai kila mtu anachemsha, lakini mtindi wateja wangu wa zamani wanautaka wa maziwa mabichi yaliyoganda yenyewe kwenye kibuyu au ndoo, wanasema wa kuchemsha hauna ladha. Nimekuwa nikiamini kwamba ukali wa mtindi unaua kila kitu. Je, ni kweli?

Mwanamaabara_Chake

Bi mkubwa, ukali unasaidia lakini hautoshi. Maziwa yakishachacha sawasawa Listeria huacha kukua, ila anaweza kubaki hai kwa siku nyingi, na katika mtindi ambao haujakaza vizuri hana shida kubwa. Maziwa yakipashwa moto mpaka nyuzi 72 kwa sekunde 15 viwandani huwa yamekwisha salimika, na mchemko wa sufuriani unazidi hapo. Chemsha, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, kisha tia kijiko cha mtindi mzuri wa jana uliotokana na maziwa yaliyochemshwa. Ladha unayoitafuta inatoka kwenye mbegu hiyo.

Mpishi_Nungwi

Salamu kwa wote. Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya kaskazini na ningependa kumjibu ndugu wa Mkunazini: vyakula vyote vilivyotajwa, vya kuliwa baridi, tunavyo hapa Unguja kila asubuhi kwenye meza ya kifungua kinywa. Nyama za kukatwa nyembamba, samaki wa moshi, jibini laini, matikiti yaliyokatwa usiku na kuwekwa frijini. Wanaovila si wageni tu. Kinachobaki huliwa na wafanyakazi, na miongoni mwao wamo wajawazito.

Nataka kuuliza kuhusu dawa za kusafishia. Tunatumia ile inayoandikwa kwaternari amonia, na nimeambiwa na mkaguzi mmoja kwamba Listeria nayo inaizoea. Mashine yetu ya kukatia nyama tunaifuta kwa kitambaa chenye dawa hiyo kila baada ya kazi.

Mwanamaabara_Chake

Mkaguzi wako amesema kweli, ila ukweli huo unahitaji kupimwa. Dawa hizo, kama benzalkoniamu kloraidi, zikichanganywa kwa kipimo kilichoandikwa bado zinamuua Listeria aliye wazi. Kinachozoeleka ni kipimo cha chini. Zipo jeni, qacH na bcrABC ndizo zinazotajwa zaidi, ambazo hutengeneza pampu kwenye ngozi ya bakteria ya kuitapika dawa nje, na bakteria mwenye pampu hizo hustahimili ule mchanganyiko uliozimuliwa kwa maji yaliyobaki sakafuni au kwenye kitambaa kilichokwisha nguvu tangu asubuhi. Katika maabara imeonekana pia kwamba Listeria waliozoeshwa benzalkoniamu wanaweza kupungukiwa na usikivu wa siprofloksasini, kwa kuwa pampu moja hutapika zaidi ya kitu kimoja.

Sasa ifungue mashine yako. Toa kisu cha duara, tazama nyuma yake pale kwenye bamba la kukingia na chini ya skrubu. Ukikuta utando mwembamba wa kijivu unaoteleza kidoleni, hiyo ni mafuta na protini, na ndani yake bakteria hujijengea makazi ambayo dawa haipenyi. Kitambaa hakifiki huko. Lazima kwanza isuguliwe kwa brashi, sabuni na maji ya moto mpaka utando utoke, isuuzwe, ikauke, ndipo dawa ifuate kwa kipimo chake kamili na muda wake kamili. Mfereji wa maji machafu ulio chini ya meza ya kukatia usipigwe maji ya presha wakati chakula kiko wazi, kwa sababu matone huruka. Kule ndiko Listeria anakoishi miaka.

MtiaShaka_Mkunazini

Nakiri kwamba meza za hoteli sikuzifikiria. Lakini friji zetu za nyumbani je? Umeme ukikatika nusu siku, si baridi inapotea na Listeria anapoteza mahali pake?

Mwanamaabara_Chake

Hapotei. Joto likipanda anakua kwa kasi zaidi, ila na wengine wote wanakua pamoja naye, chakula kinanuka na mtu anakitupa. Katika baridi ya kudumu hukua peke yake bila kunuka. Kiporo kilichokaa frijini kipashwe moto mpaka kitoe mvuke katikati, wala si pembeni tu.

Mwanafunzi_Tunguu

Nasoma sayansi za afya na nina swali la kimaabara. Kama mgonjwa anashukiwa, usugu hupimwa vipi? Nimeona orodha moja mtandaoni inayoonesha kwamba Listeria ni sugu kwa fosfomaisini, na nyingine inasema inatibika kwayo. Ipi ni sahihi?

Mwanamaabara_Chake

Swali zuri sana, na jibu ni kwamba zote mbili zina ukweli. Katika sahani ya maabara Listeria huonekana sugu kwa fosfomaisini, kwa sababu ana jeni ya fosX inayoivunja na dawa haimuingii vya kutosha. Akiwa ndani ya seli za mwili, huwasha jeni zake za kushambulia, na mojawapo hutengeneza mlango wa kuvuta sukari zenye fosfeti. Dawa huingia kupitia mlango ule ule, nyingi kuliko anavyoweza kuivunja. Jambo hili lilioneshwa na watafiti mwaka 2006. Halimaanishi kwamba fosfomaisini sasa ndiyo tiba. Tiba ni ile aliyoieleza Dokta.

Kuhusu vipimo, kamati ya Ulaya ya vipimo vya usikivu wa bakteria kwa dawa, EUCAST, imeweka viwango vya Listeria kwa dawa chache tu, zikiwemo ampisilini, penisilini, meropenemu, erithromaisini na kotrimoksazoli, na hupimwa kwenye agari ya Mueller-Hinton, ute mgumu wa kuoteshea bakteria, iliyotiwa damu ya farasi. Sefalosporini hazipimwi. Ukiona ripoti ya maabara imeandika kwamba Listeria "anasikia" seftriaksoni, irudishe.

Kabla ya usugu, hata hivyo, kuna mtego mkubwa zaidi, nao ni kumtambua. Chini ya hadubini, kwa rangi ya Gramu, huonekana kama vijiti vifupi vya zambarau, yaani Gramu chanya, vinavyofanana mno na difteroidi, bakteria wa ngozi ambao kila fundi maabara amezoea kuwaandika kuwa ni uchafu wa sindano. Vikiwa vifupi zaidi hufanana na streptokoki. Kabla ya kuitupa chupa ile ya damu, fanya kipimo cha katalasi, ambacho kwa Listeria hutoa mapovu na kwa streptokoki hakitoi. Kisha otesha katika nyuzi 25, weka tone kwenye kioo na utazame: Listeria hujiviringisha na kupinduka pinduka kwa namna ambayo ukishaiona hutaisahau. Katika nyuzi 37 hutaona mwendo huo, kwa sababu kwenye joto la mwili hatengenezi mikia yake ya kuogelea. Maabara nyingi zina kila kinachohitajika kwa vipimo hivi viwili.

Dokta_Mstaafu

Niongeze moja linalowahusu wenzangu wa wodini, kwa sababu mara nyingi tunawalaumu wa maabara ilhali sisi ndio tuliowaficha habari. Fomu inayoandikwa "homa, otesha damu" na kupelekwa hivyo haimsaidii mtu. Andikeni kwamba ni mjamzito wa wiki ngapi, au ni mtoto wa siku ngapi na mama yake alikuwa na homa kabla ya kujifungua. Andikeni kama mgonjwa anatumia steroidi, kama ameshapewa dawa na ni ipi. Kisha andikeni kwa herufi kubwa: TAFADHALI MSITUPE VIJITI VYA GRAMU CHANYA. Na wakati damu inapelekwa, mwanzisheni ampisilini.

Mwanamaabara_Chake

Na chupa hiyo ya damu isitiwe frijini ikisubiri gari la asubuhi. Iacheni kwenye joto la chumba, mbali na jua, na mtupigie simu kwamba inakuja.